Kuisoma Bahari kutoka Gitega

Taasisi ya Kijiografia ya Burundi, ambayo wengi huijua kwa kifupi chake cha Kifaransa, IGEBU, ina makao yake Gitega, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi kwa mstari ulionyooka, na miongoni mwa kazi zake, pamoja na kuchora ramani na kupima mito, ni kutabiri hali ya hewa ya taifa lisilo na hata hatua moja ya ufuko wa maji ya chumvi. Mtu ana haki ya kuuliza kwa nini mtabiri aliyezungukwa na vilima vya Kirimiro, inapofika Aprili, aifungue ramani ya bahari asiyoweza kuiona hata akipanda kilima kirefu kuliko vyote, aitazame michoro ya kimbunga kilichoko kaskazini mwa Madagaska, na aingiwe na wasiwasi juu ya mahali kitakapoingia nchi kavu. Jibu ni kwamba pwani ya Tanzania ni pwani ya Burundi pia, kwa sababu ya barabara na kwa sababu ya mvua, na kwamba kuitazama kwa mashaka yaliyopimwa ni sehemu ya kuijali nchi.

Kimbunga cha kitropiki ni mfumo wa hewa yenye mgandamizo mdogo unaozunguka juu ya bahari na kujilisha kwa mvuke wake, nao huhitaji maji yenye joto la nyuzi 26 hivi za Selsiasi au zaidi, unyevu unaofika hadi tabaka za juu za anga, na pepo zisizotofautiana sana kati ya tabaka la chini na la juu, maana pepo zinapovutana kuelekea pande mbalimbali huupasua mnara wa mawingu kabla haujasimama. Huhitaji pia msaada wa mzunguko wa dunia yenyewe, ambao huipinda njia ya upepo na kuufanya uzunguke badala ya kukimbilia moja kwa moja katikati, na kwa kuwa nguvu hiyo hufifia karibu na ikweta, vimbunga huwa nadra sana ndani ya digrii tano za latitudo kila upande. Miji ya Burundi ya Muyinga na Gitega iko kati ya digrii ya pili na ya nne kusini mwa ikweta, Mombasa kwenye ya nne, mji wa Zanzibar kwenye ya sita, Dar es Salaam inakaribia ya saba, kisiwa cha Mafia ya nane, na Mtwara imepita ya kumi. Kadiri mtu anavyoteremka katika safu hiyo ndivyo kinga ya ikweta inavyopungua. Kituo cha Ufaransa kilichopo kisiwani La Réunion ndicho kilichokabidhiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani jukumu la kuifuatilia mifumo hii kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, na kwa kipimo chake mfumo hupewa cheo cha kimbunga pepo zake zinapofikia kasi ya kilomita 118 hivi kwa saa.

Watu wa pwani waliujua mwaka wa bahari muda mrefu kabla ya vituo hivyo. Waliugawa kwa kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini-mashariki wakati wa kiangazi cha Desemba hadi Machi, na kusi, upepo wa kusini unaofuata baada ya hapo, na kati ya pepo hizo mbili waliweka kipindi wanachokiita maleleji, ambapo upepo haujaamua uelekee wapi na nahodha mwenye busara hakitii chombo baharini bila kufikiri mara mbili. Tarehe za vimbunga vilivyoigusa au kuitisha Afrika Mashariki zinashangaza kwa jinsi zinavyojikusanya katika majuma hayo hayo: 15 Aprili 1872 Zanzibar, 15 Aprili 1952 Lindi, 25 Aprili 2019 kaskazini mwa Msumbiji, juma la mwisho la Aprili 2021 mbele ya Dar es Salaam, 4 Mei 2024 Mafia. Ndiyo majuma ambayo maji ya magharibi ya bahari hii yamefikia joto lake la juu kabisa la mwaka, na ambayo pepo za juu, zikiwa katika kubadilishana zamu, zaweza kutulia kiasi cha kuuachia mnara wa mawingu usimame.

Kimbunga cha 1872 kinastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu kinaonyesha kile ambacho ramani za leo zinajaribu kukisema kwa tarakimu. Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alikuwa katika mwaka wake wa pili wa utawala pepo zilipoipiga Unguja, zikavunja majahazi na meli zilizotia nanga bandarini, zikaezua nyumba, na zikaing'oa minazi na mikarafuu ambayo ilikuwa imechukua miongo kadhaa kukua. Pemba, kisiwa kilicho kilomita 50 hivi kaskazini zaidi, kilinusurika kwa sehemu kubwa, na kwa kuwa mkarafuu hauzai ila baada ya miaka, uzito wa zao la karafuu ulihamia Pemba na haukurudi tena. Umbali ambao jahazi huukata kwa siku moja uliamua uchumi wa visiwa viwili kwa zaidi ya karne. Hakuna mtu mwaka ule aliyepewa hata saa sita za onyo, na hakuna aliyeweza kusema kama dhoruba ingepita Unguja, Pemba, au katikati ya mkondo baina yao.

Leo swali hilo hilo huulizwa modeli, yaani programu kubwa za kompyuta ambazo huigawa anga ya dunia nzima katika visanduku vingi mno, zikaingiza katika kila kisanduku vipimo vya joto, unyevu, mgandamizo na upepo, kisha zikakokotoa kwa kanuni za fizikia jinsi visanduku hivyo vitakavyoathiriana saa baada ya saa. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati na idara ya hali ya hewa ya Marekani huziendesha modeli zao mara nne kwa siku, na matokeo yake hufika Gitega kama yanavyofika Dar es Salaam. Lakini mwanahisabati Edward Lorenz alionyesha mwaka 1963 kwamba tofauti ndogo sana katika vipimo vya mwanzo huweza kukua hadi ikabadilisha kabisa hali ya siku chache zijazo, na vipimo vya mwanzo havikosi kuwa na kasoro, hasa Afrika, bara ambalo vituo vyake vya upimaji ni vichache mno kulinganisha na ukubwa wake. Kwa sababu hiyo, tangu 1992, vituo vikuu haviridhiki na jibu moja. Kile cha Ulaya hukokotoa utabiri mara 51 kwa pamoja, mara 50 kati ya hizo kikiugusa mwanzo kidogo, na kwenye ramani ya kimbunga majibu hayo huonekana kama mistari 51 inayoanzia karibu na nukta moja na kutawanyika kadiri inavyosonga mbele.

Mtu wa Burundi anayetaka kuielewa picha hiyo na auchukue mfuniko wa igiseke, kikapu chembamba cha kufumwa ambacho kifuniko chake huchongoka kama pia, aulaze ubavu juu ya meza: ncha ni mahali kimbunga kilipo sasa, na mdomo mpana ni mahali kinapoweza kuwa baada ya siku tano. Kuna kosa moja hapa ambalo hata wasomi hulifanya. Upana wa mdomo si upana wa kimbunga, wala hauna maana kwamba eneo lote lililomo ndani yake litapigwa. Ni kipimo cha kutojua, na mstari unaopita katikati yake hauna cheo cha ukweli kuliko mistari mingine. Kwa siku tano mbele kosa la njia huweza kufikia kilomita mia tatu, na mia tatu ukizipima kwenye pwani ya Tanzania zinakutoa karibu na Mtwara na kukufikisha karibu na Mafia. Anayeitazama ramani kila zinapopita saa sita huona mistari ikielekea Mtwara asubuhi, ikasogea Kilwa adhuhuri, ikarudi kusini usiku, na moyo wake humvuta auchague ule mstari anaoupenda au ule anaouogopa zaidi, ilhali kazi yake ni kuyashika majibu yote 51 kwa wakati mmoja na kuyahesabu. Ikiwa 15 kati ya hayo yanaingia nchi kavu kusini mwa Dar es Salaam, hiyo ni karibu asilimia 30, na asilimia 30 ni habari kamili; haiongezwi uzito kwa hofu wala haipunguzwi kwa matumaini.

Kulihesabu shaka ni kazi ngumu, na kulieleza mbele ya umma ni kazi ngumu zaidi. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth, baada ya kupita kaskazini mwa Komoro, kilifuatiliwa kwa hofu kubwa Mtwara, ambako wananchi walitahadharishwa, na hatimaye kikaingia Msumbiji, mkoani Cabo Delgado, ambako kiliangamiza vijiji vizima vya pwani. Mwaka 2021 Jobo kilionekana katika mistari mingi kuielekea Dar es Salaam yenyewe, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikatoa tahadhari, na mfumo ukadhoofika kabla ya kufika. Mei 2024 Hidaya, ambacho jina lake kwa Kiswahili humaanisha zawadi, kilifikia nguvu za kimbunga karibu na pwani kuliko ilivyozoeleka katika latitudo hizo, vyombo vya usafiri kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vikasimamishwa, kisha kikapungua nguvu kilipoifikia Mafia. Waliokuwa wamezifunga paa zao kwa kamba walizifungua, na baadhi yao waliwaambia majirani kwamba watabiri wametisha watu bure.

Hukumu hiyo si ya haki, na inapasa kukataliwa waziwazi. Onyo linalosema kuna uwezekano wa asilimia 30, kisha jambo lisitokee, halijadanganya. Limekuwa sahihi kwa namna ile ile ambayo lingekuwa sahihi kama jambo lingetokea. Tena Hidaya hakikupita bila kuacha madhara, kwa maana mvua zake ziliikata barabara ya kusini wilayani Kilwa, zikabomoa madaraja na makalavati, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam. Aliyekuwa akiutazama upepo peke yake alisema kimbunga kimekufa. Abiria na madereva waliokwama Somanga, kwenye barabara hiyo, upande huu na upande ule wa maji, walikuwa na maelezo tofauti.

Ni Somanga hiyo inayomrudisha msomaji Burundi, kwa sababu barabara ndiyo njia ya kwanza ambayo kwayo bahari huifikia Muyinga. Sehemu kubwa zaidi ya bidhaa za Burundi kutoka nje hupitia bandari ya Dar es Salaam, na malori yanayozibeba hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama hadi Ngara, yakavuka mpaka kutoka Kabanga upande wa Tanzania kuingia Kobero upande wa Burundi, kabla ya kupanda hadi mji wa Muyinga na kuendelea Gitega au Bujumbura, safari nzima ya kilomita zipatazo 1,600. Kobero ina maghala na foleni kama mji wowote wa bandari. Malori ya mafuta husimama yamepangana na lakiri zao za forodha zikining'inia kwenye vali, turubai za malori ya saruji zimegeuka rangi ya vumbi la nchi nyingine, na matairi yana tope ambalo halikutoka Bweru, eneo la Muyinga. Mwenye duka la mabati Muyinga anayeyajua malori hayo kwa namba zake huweza kukadiria, kwa kuangalia siku ambazo hayajaonekana, kwamba kuna jambo limetokea njiani au bandarini.

Inafaa kusemwa kwa uaminifu kwamba uhaba wa mafuta ambao Warundi wameuishi kwa miaka ya karibuni, wa foleni ndefu za magari na wa esansi inayouzwa kwa siri kwenye vidumu, haukuletwa na kimbunga chochote. Chanzo chake kikubwa ni upungufu wa fedha za kigeni za kuyanunua. Lakini nchi isiyo na akiba ndiyo inayoumizwa na kila kucheleweshwa. Meli za mafuta haziwezi kupakuliwa bahari inapochafuka, na sehemu ya mafuta yanayofika Dar es Salaam hupokelewa kwa boya lililowekwa baharini mbele ya Mjimwema, mahali ambapo mawimbi ndiyo yanayoamua. Siku nne za bandari kusimama ni usumbufu kwa nchi yenye matangi yaliyojaa, na kwa nchi inayoishi kwa shehena ya juma hili ni gari la wagonjwa lililoegeshwa na kinu cha kusaga kilichozimwa. Kimbunga kikiipiga Dar es Salaam siku ya Jumapili, Muyinga haitasikia upepo wowote. Itakihisi juma la pili au la tatu, kwenye bei.

Mvua ndiyo njia ya pili, nayo haihitaji barabara. Wataalamu wa tabianchi wameonyesha kwamba mahali kimbunga kilipo katika bahari huweza kuamua kama Afrika Mashariki itanyeshewa au itanyimwa. Mwezi Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa upande wa Madagaska, pepo za magharibi zilivutwa zikitoka bonde la Kongo zikiwa zimejaa unyevu, na msimu ule ukawa wa mvua nyingi katika ukanda huu. Machi 2019, Idai kilipokaa katika mlango wa Msumbiji kabla ya kuiangamiza Beira, unyevu ulivutwa kusini na mvua za masika zikachelewa sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwishoni mwa mwaka huo huo maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi huku ya mashariki, karibu na Indonesia, yakipoa, hali ambayo wataalamu huiita mkao chanya wa ncha mbili za bahari hiyo, na mvua zilizofuata zilikuwa kubwa mno; Desemba 2019 mlima uliporomoka usiku na kuzifukia nyumba huko Nyempundu, kaskazini-magharibi mwa Burundi. Bahari iliyochangia maji yale haionekani kutoka Nyempundu.

Mkulima wa Muyinga hupanga maisha yake kwa misimu mitatu ambayo Burundi huiita kwa herufi: A unaoanza Septemba, B unaoanza Februari, na C wa mabondeni wakati wa kiangazi, Ici. Vimbunga vya maleleji huja wakati maharagwe ya msimu B yamekwisha simama shambani, gharama zote zimekwisha tolewa, na kinachosubiriwa ni mvua iendelee kwa kiasi, isikate wala isizidi. Mkulima huyo hawezi kuihamisha mimea. Anaweza, akijulishwa siku tano kabla, kuchimbua mifereji ya kontua iliyozibwa na udongo, kuianua na kuifunika mbegu iliyobaki, au kutowalaza watoto kwenye nyumba iliyo chini ya ukingo uliokwisha pasuka.

Burundi haikuanza jana kukabidhi mambo ya anga kwa watu maalumu. Enzi za wafalme, katika sherehe ya umuganuro, mwami ndiye aliyefungua kipindi cha kupanda mtama, ngoma zikalia, na nchi ikajua kwamba saa imefika. Na vilimani walikuwapo abavurati, waleta mvua, ambao jamii iliwaheshimu na wakati mwingine iliwawajibisha vikali mvua ilipokosekana. Mwami alisema neno moja, na umuvurati aliahidi jambo moja. Mtabiri wa Gitega huja na mistari 51 na kusema kwamba 15 yaelekea huku, na anawaomba watu waliozoea neno moja wamwamini kwa sababu hasemi neno moja. Hilo ni ombi kubwa, na halitakubaliwa kama litatolewa kwa Kifaransa cha taarifa za ofisini peke yake. Kirundi ndiyo lugha ya kila kilima, na Kiswahili ndicho kinachosemwa sokoni Muyinga, katika mtaa wa Waswahili wa Gitega na katika kila gari linalovuka Kobero. Lugha zote mbili zina uwezo wa kusema kwamba katika watu kumi wanaosafiri njia hii, watatu watanyeshewa, na hakuna ajuaye ni yupi.

Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2022 lengo la kumfikishia kila mtu duniani maonyo ya mapema kufikia mwisho wa 2027, na kwa nchi za visiwa na pwani maana ya lengo hilo iko wazi. Kwa Burundi maana yake inapaswa kuandikwa hivi: taarifa ya kimbunga inapotolewa Dar es Salaam, taarifa ya Gitega ya siku hiyo iwe na sentensi kuhusu Kobero na sentensi kuhusu mvua ya Bweru na Kirimiro, itaje kiwango cha shaka bila kukificha, isomwe redioni kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na itolewe upya kesho yake hata kama mistari imehama, hasa kama imehama. Wenye madaraka ya kuliamuru hilo wanaombwa waliamuru. Msimu wa vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hufunguliwa rasmi katikati ya Novemba, maharagwe ya msimu A yanapochanua Muyinga.